Mama Kasiva Auliza Ukoo wa Mastektomi

Siku ya kwanza nilipopelekwa kijijini Tulia kuonyeshwa kwa mama mkwe, nilibeba mkate na majani ya chai kama mtu mwenye adabu. Mama Kasiva aliupokea mkate, akakata kipande cha pembeni, akamrushia kuku. Kisha akaketi akimtazama yule kuku. Nilidhani ni mapenzi ya kufuga. Nzioka, aliyekuwa bado hajanioa, ndiye aliyeninong'oneza kwamba mkate tutaula baadaye, tukiona kuku bado anatembea.

Jina langu ni Kui. Kwetu ni Nyeri, lakini tangu niolewe naishi Emali, ambako nauza ndengu na kunde sokoni, naye mume wangu ni fundi wa malori pale barabarani. Nimekaa katika ukoo huu miaka ya kutosha kuzaa na kusomesha, na bado mama mkwe wangu akinipokea mkoba huupima uzito kwanza. Sisemi hivi kwa uchungu. Zamani niliumia, siku hizi hunichekesha tu, isipokuwa ile mara moja ambapo hofu yake ilikaribia kumuua.

Mtu asidhani alinichukia mimi peke yangu. Mama Kasiva hamwamini mtu wala kitu. Alibaki mjane angali kijana, akachimba matuta ya shamba lake lote kwa jembe lake mwenyewe, na katika miaka hiyo kila aliyemjia akitabasamu alikuwa na jambo lake. Kwa hiyo akajifunza kuuliza. Akiingia dukani kununua mbegu, atauliza ni mbegu ya nani, imezaliwa wapi, na mama yake alizaa vipi mwaka wa jua. Mhubiri mmoja alipofika Tulia na suti na spika, akijiita mtume, Mama Kasiva alisimama katikati ya mahubiri akamuuliza yeye ni wa ukoo gani na nani alimtuma. Yule mtume alihamia soko lingine juma lilelile.

Kwa Wakamba jina halitoki hewani. Ukizaliwa mvua ikinyesha, jina litasema mvua. Ukizaliwa mama akiwa njiani, litasema njia. Mama Kasiva ameishika desturi hiyo akaipeleka mbali kuliko wenzake. Kwake, kitu ambacho jina lake halielezeki ni kitu kinachojificha.

Basi siku moja nilikuwa Tulia tukipura ndengu. Nikaona anashika fimbo kwa mkono wa kulia tu. Ule wa kushoto ameubana ubavuni, na kila akipiga uso unakunjamana.

"Mama, mkono uko na nini?"

"Ni uzee."

"Uzee wa mkono moja?"

"Wewe pura ndengu."

Nilipura ndengu, lakini jioni nilipita kwa Kalondu, yule mama anayetembelea nyumba za kijiji kwa mambo ya afya. Kalondu akaniambia kwamba miezi kadhaa nyuma aliwafundisha akina mama kanisani jinsi ya kujipapasa matiti kutafuta uvimbe. Mama Kasiva alitoka nje katikati ya somo, akiuliza Kalondu amelipwa na nani kuhesabu matiti ya watu.

Nilirudi nikamkabili. Sikutumia upole, kwa maana upole humtia wasiwasi. Nilimwambia kama haendi hospitali, nitamweleza kiongozi wa akina mama, na Jumapili kanisa lote litaombea kifua chake kwa jina. Alinitazama kwa chuki ya kweli. Siku iliyofuata alivaa viatu vyake vizuri.

Tulimpeleka hospitali moja upande wa Makueni. Wakapima, wakatoa kipande cha uvimbe, wakatuambia tungoje. Majibu yalipotoka, daktari kijana alimwita Nzioka kando, ukumbini, akamweleza kwa Kiingereza. Ilikuwa saratani. Ilikuwa bado haijasambaa, lakini titi la kushoto lilipaswa kutolewa lote, na upesi. Nzioka aliniambia mimi hayo yote akiwa ameegemea ukuta, machozi yamemlengalenga. Kisha akapangusa uso, akaingia alikokuwa mama yake.

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Lazima nieleze kitu ambacho mimi mwenyewe sikukijua vizuri wakati huo. Katika nyumba ya mama mkwe wangu, mwanamume mzima hataji titi la mama yake. Hataji mbele yake, hataji nyuma yake. Nzioka ni mtu ambaye gia ya lori ikikwama hutoa matusi ambayo wauza nyanya huziba masikio. Lakini kwa hilo, ulimi wake umefungwa tangu alipotoka jandoni.

"Mwaitu," akasema, maana ndivyo wanavyomwita mama, "wamesema ni mastektomi."

"Ni nini hiyo?"

"Ni operesheni. Ni kitu kidogo tu. Wanatoa hako... hako kauvimbe."

Alikuwa akiangalia dirisha. Mama Kasiva alikuwa akimwangalia yeye.

"Sema tena hilo jina."

"Mastektomi."

Alilirudia polepole, akaendelea kulionja mpaka tukafika Emali.

Daktari alikuwa ameturuhusu kumkalisha kwetu hadi siku ya operesheni. Kesho yake asubuhi nikiosha vyombo, alikuja akasimama nyuma yangu.

"Kui, hilo jina ni la ukoo gani?"

"Ni Kizungu, Mama."

"Kizungu si ukoo. Hata baiskeli ni Kizungu." Akavuta kiti. "Ile mbuzi yangu nyeupe ilivimba kiwele, unakumbuka? Yule mtu wa mifugo akakuja akasema ni mastaitisi. Mimi nikamuuliza mastaitisi ni nini, akaniambia ni ugonjwa ya kiwele. Sasa hii mastektomi inaanza vile ile ilianza. Nzioka anasema uvimbe. Jina inasema kiwele. Nani muongo hapo?"

Sahani ilinitoka mkononi ikarudi ndani ya karai. Nilikuwa nimesikia neno hilo kwa Kiingereza, nikalielewa kwa Kiingereza, na haikunijia akilini hata siku moja kulifungua nione ndani kuna nini. Nikaona heri kusema kweli.

"Ni kweli, Mama. Ni titi yote. Daktari aliambia Nzioka."

"Na wewe uliambiwa na nani?"

"Na Nzioka."

"Kumbe." Akasimama. "Bibi anaambiwa. Mwenye titi haambiwi. Mlikaa kikao."

"Mama, hakuna kikao..."

"Nilijua tu. Ni hiyo shamba."

Sikuelewa shamba limeingiaje kwenye titi. Nilipotoka sokoni mchana, begi lake halikuwepo. Alikuwa amerudi Tulia bila kuaga.

Nilimpigia simu Nzilani, dada ya Nzioka anayeishi Zombe, nikamsimulia. Nzilani akaniuliza kama nakumbuka ugomvi wa Krismasi. Nilikumbuka. Nzioka alikuwa ameomba mama yake amruhusu kuuza kipande cha shamba kinachopakana na barabara, ili tujenge Emali. Mama akakataa. Nzioka akaendelea kusukuma maneno. Ghafla Mama Kasiva aliweka kiganja juu ya kifua chake cha kushoto, akasema, "Nzioka, usinifikishe huko." Nzioka aliacha chakula akatoka nje, na shamba halikutajwa tena. Mimi nilidhani mama ana kiungulia. Hata nilimtafutia maji ya moto.

"Kui wewe ni mtu wa kuchekesha," Nzilani akasema, lakini hakuwa akicheka. "Mama akishika titi yenye ulinyonya, aseme neno mbaya juu yako, hiyo ndiyo kiumo. Hakuna laana inazidi hiyo. Hutajenga, hutazaa, hutakula ushibe. Sisi tunaenda kanisa na tunaiogopa tu. Sasa fikiria vile yeye anaona. Mtoto anataka shamba. Anaogopa titi. Halafu anampeleka hospitali wakate titi, na anamficha."

Nilicheka kwanza, nakiri, kicheko cha mtu aliyechanganyikiwa. Kisha nikakasirika. Mimi, niliyembebea mwanamke huyu haja ndogo kwenye kichupa kwenda maabara, ndiye ninayeshukiwa kwamba nataka kumpokonya silaha! Kisha hasira ikapoa nikaogopa, kwa sababu saratani haingoji watu wamalize kushukiana, na siku ya operesheni ilikuwa inakaribia.

Nilimwambia Nzioka aende Tulia akamwambie mama yake kwa maneno wazi kinachokatwa na kwa nini.

"Siwezi."

"Huwezi nini? Ni mama yako, anakufa."

"Kui, wewe huelewi. Hiyo kitu haitajwi."

Akamtuma mjomba wake, mzee Kilonzo. Mzee Kilonzo alikaa Tulia kutwa nzima, akazungumzia mvua, bei ya mbuzi na "ile operesheni ya vijana wa siku hizi," akarudi. Akatumwa mchungaji. Mchungaji akaombea "kile kiungo kilichoguswa" kwa sauti kubwa, akapewa kuku. Kila mwanamume aliyekwenda alilifunika jambo kwa lile neno la kigeni, kama mtu anayefunika sufuria asijue yaliyomo yanaungua. Na kila mmoja alipoondoka, Mama Kasiva alizidi kuamini kwamba kikao kimekuwa kikubwa na mchungaji naye yumo.

Mwishoni nilikwenda mwenyewe. Nilimkuta zizini. Sikuingia, nilisimama kwenye mlango wa miiba.

"Mama, mimi usiniamini. Nzioka usimwamini. Lakini kuna daktari mwingine pale hospitali, anaitwa Mbula. Ni mtoto wa Zombe. Kaa naye peke yako, umuulize yote. Mimi nitakaa nje ya geti kama unataka."

Alifikiri huku akimsukuma mwanambuzi kwa goti. "Ni wa ukoo gani?"

"Sijui. Utamuuliza."

Hilo ndilo lililomvuta.

Daktari Mbula, Mungu ambariki, alikubali kuulizwa. Alitaja ukoo wake, baba yake, babu yake, na duka la shangazi yake kule Zombe. Mama Kasiva aliridhika kiasi cha kuniruhusu niketi ndani, karibu na mlango, ili nishuhudie. Kisha akaweka mikono mapajani.

"Sasa mastektomi. Nani alizaa hilo jina?"

Daktari Mbula alitabasamu kidogo. "Hilo jina mama yake ni Kigiriki."

"Ni akina nani hao?"

"Wale kwa Biblia wanaitwa Wayunani."

"Wale Paulo aliwaandikia?" Mama Kasiva akainua kichwa. "Basi wanajulikana. Endelea."

"Kwa lugha yao, *mastos* ni titi. Kwa hivyo hata ile mastaitisi ya mbuzi imetoka hapo, ulikuwa sawa. Halafu *ek* ni nje, na *tome* ni kukata. Ukiweka pamoja, ni kukata titi ukalitoa. Lakini Wayunani wenyewe hawakuliita hivyo. Madaktari wa ng'ambo ndio walichukua hivyo vipande vya zamani wakaviunganisha, kama miaka mia moja imepita."

"Kwa nini hawakutumia lugha ya kwao?"

"Ili daktari wa Japani na mimi wa Zombe tuelewane."

"Na mgonjwa asielewe."

Daktari Mbula akasema hiyo ni kweli pia.

"Na kama ni uvimbe tu wanatoa, wanaacha titi," Mama Kasiva akauliza, taratibu kabisa, "hiyo ina jina yake?"

"Iko. Hiyo ni lampektomi. Hilo ni jina la kuchanganya, mbele ni Kiingereza, 'lump' maanake donge, nyuma ni Kiyunani. Lakini kwako haifai, uvimbe umekuwa mkubwa."

Nilikuwa nimemleta huko ili ukweli umtulize, na ukweli ndio uliomthibitishia mashaka yake. Aligeuka akanitazama bila hasira, na hilo liliniuma zaidi.

"Unaona, Kui? Uvimbe iko na jina yake na titi iko na jina yake. Nzioka alichukua jina ya titi akaniambia uvimbe. Huyo hakukosea. Huyo alinificha."

Kisha akamwambia daktari kwamba hana neno na yeye, amesema kama mtu mwenye kwao. Lakini hakuna kisu kitakachomgusa mpaka Nzioka aje, asimame mbele yake, ataje kwa mdomo wake mwenyewe kile anachotaka kikatwe. Kama hawezi kukitaja, ana sababu.

Nilitoka nje nikampigia Nzioka. Sikumbembeleza. Nilimwambia kama hafiki leo, basi atafute ulimi wake siku ya matanga, kwa kuwa hapo atapewa kipaza sauti. Nikakata simu.

Alifika alasiri, na grisi mpaka kwenye viwiko. Daktari Mbula alituachia chumba. Mama Kasiva alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kitambaa kichwani, mgongo wima. Walizungumza Kikamba, na Kikamba changu ni cha kuuzia ndengu, lakini siku hiyo hakuna kilichonipita.

"Sema," mama akasema.

Nzioka aligeuka akaelekea ukuta. Nilidhani anatoka. Alikuwa anatafuta tu mahali pa kuweka uso.

"Mwaitu," akasema kwa ukuta, "ni titi lako. La kushoto. Lile... nililonyonya. Watalikata lote. Ukibaki nalo litakuua, na mimi sitaki ufe."

Nilimwona Mama Kasiva anatazama ule mgongo.

"Na shamba?"

Nzioka akageuka. Alikuwa analia waziwazi, mwanamume wa umri wake, machozi yakichora mistari kwenye grisi. Akapiga magoti pale sakafuni, karibu na miguu yake.

"Unafikiri nataka likatwe ndio nisiogope. Basi bado liko. Lishike sasa hivi, kabla ya kisu. Kama nilikuleta hapa kwa sababu ya shamba, useme lile neno, linipate mimi na watoto wangu. Useme, mwaitu."

Nilitaka kupiga kelele. Watoto wake ni watoto wangu. Mimi ni mtu wa kanisa, nilijiambia mambo hayo hayana nguvu, na bado nywele za mikono zilinisimama. Mama Kasiva aliinua mkono wa kulia polepole, akaupeleka kifuani, upande wa kushoto, juu ya ule uvimbe. Alifumba macho.

"Nzioka," akasema, "ule ushibe. Watoto wako wale washibe. Mkono wako usikose kazi." Akafumbua macho. "Na mdomo wako usinifiche tena."

Mkono ukashuka kwenye kichwa cha mwanawe, ukakaa hapo. Kisha akanitazama mimi, nikiwa nimejikunyata mlangoni nikilia kwenye leso.

"Kui, unalia nini? Enda uite daktari."

Walimkata wiki hiyohiyo. Daktari Mbula alisema imekwenda vizuri, ingawa dawa bado zingefuata, na kila moja ya dawa hizo imeulizwa ukoo wake, nawahurumia wauguzi. Tulikuwa pale alipozinduka, mimi, Nzioka na Nzilani. Alichukua muda kututambua. Kisha mkono wake wa kulia ukapapasa bandeji, mahali palipobaki bapa, ukatulia juu yake. Sikujua kama nimtazame au nisimtazame.

Mkono ukahama. Ukavuka kifua, ukafika upande wa pili, ukashika. Akafungua macho kabisa, akamtafuta Nzioka.

"Wameacha moja," akasema.

Mimi na Nzilani tulicheka mpaka muuguzi akaja kutunyamazisha. Nzioka hakucheka. Alisimama mikono nyuma, kama mtoto wa shule, akajibu kwa heshima kabisa:

"Nimeona, mwaitu."